Rejista ya Wajawazito wa Goziba

Mwanangu, nakumbuka siku moja niliyovutwa sikio kisiwani Goziba, na nikuambie ukweli: nilistahili.

Ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuoni, najiona nimeimaliza dunia. Nilikuwa nimeitengenezea zahanati ya kisiwani rejista ya wajawazito inayofunguka kwenye kivinjari. Nikatamba: hakuna kupakua kitu, simu yoyote inaifungua, na kosa nikilirekebisha asubuhi nikiwa Bukoba, Goziba wanalikuta limekwisha bila mimi kupanda boti. Yote yalikuwa kweli. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Muuguzi wa pale, Ma Koku, alijaza habari za mjamzito mmoja ukurasa mzima. Mtandao ukakatika, akabonyeza kurudi nyuma, kila kitu kikafutika. Nikacheka, nikamwambia amebonyeza vibaya. Hapo ndipo aliponivuta sikio hadi likapata moto.

"Waitu, kijana wetu," akasema, "huyu mama ana miezi minane, ametembea juani. Nimhoji upya yeye, au nikuhoji wewe uliyeniletea kitu kisahaulifu?"

Nilipatwa na aibu ambayo haijaisha mpaka leo. Nikabaki kisiwani siku tisa, nakula dagaa na kuandika upya, hadi ukurasa ukaweza kuhifadhi kila neno ndani ya simu na kulituma mtandao ukirudi. Ma Koku akajaza tena habari za yule mama.

Haikupita wiki mbili mama huyo akaanza kuvuja damu. Mtandao hakuna! Ma Koku akafungua ukurasa: kundi la damu lipo. Akaandika hali ya mgonjwa, wakapanda boti. Walipokaribia Kemondo mtandao ukashika, taarifa zikaenda zenyewe, na daktari hospitalini akazisoma kwenye simu yake mwenyewe. Walipofika, damu ilikuwa tayari. Mama akapona, mtoto akalia, nami habari iliponifikia nikapiga vigelegele kama shangazi wa bibi harusi, sijali nani ananitazama.

Basi, mwanangu, ukitaka kazi yako iwafikie wengi upesi, chagua kivinjari. Ila ujue kinategemea mtandao, na kwenye simu ya kuazima kinaweza kumwachia mwingine siri za mgonjwa. Ijaribu kazi pale mtandao unapokufa, mbele ya anayeitumia, na akikukemea, nyamaza ujifunze. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliponea sikioni.

Mungu akujalie watu wa kukuambia ukweli, na kazi yako imrudishe mama mwingine nyumbani, mwanawe mgongoni.