Mkono Juu ya Bidon

Nilishuka kutoka Walikale na kompyuta yangu ndani ya mfuko wa mchele, nikidhani Lushebere nitapita tu. Nikakaa kwa sababu ya mama mmoja aliyekuwa na nyumba ya kuchajia simu. Simu ya marehemu mume wake ilikuwa inakufa, betri imevimba, na ndani yake kulikuwa na wimbo ambao huyo mume aliuimba jikoni. Alitaka niuhamishie kwenye diski yangu ya zamani kabla simu haijazima kabisa.

Nikanakili, tukasikiliza. Katikati ya wimbo mbwa akabweka.

"Kaka, bwana yangu hakukuwa imbwa!"

"Samahani, Mama. Hiyo inatoka kwa rekodi ingine."

"Basi ambia ile imbwa ifuate mulongo, ingoje zamu yake."

Shule niliiacha mapema, lakini kitu kisichoeleweka hakiniachi nilale. Kosa lilikuwa kwenye pilote niliyoiandika mwenyewe, programu inayopeleka maombi ya kompyuta kwenye diski, moja baada ya jingine. Ile diski ya zamani ilichelewa kujibu. Sehemu moja ya pilote ilitazama ombi, ikaona limekwama, ikaenda kuliondoa ili nafasi yake ipewe ombi jingine. Mara chache, kati ya kutazama na kuondoa, jibu lilifika, na sehemu nyingine ikalishika ombi lilelile. Hapo ndipo vipande vya rekodi moja vilipoangukia ndani ya nyingine.

Asubuhi tulienda robineni kuchota maji. Bidon, madumu ya maji, zilikuwa kwenye mstari, wenyewe wakipiga soga pembeni. Mama akafikia moja iliyoziba njia, mwenyewe haonekani, akaweka kiganja juu yake, ndipo akaita, "Ya nani?"

"Mbona unashika mbele ya kuuliza?" nikamwambia.

"Nikiuliza bila kushika, mwenyewe anakuja huku, mwingine anaisukuma huku, njo vita inaanza. Nikishika, wote wananingoja."

Mimi kwenye pilote nilitazama kwanza, kisha nikafunga kwa kufuli, ile alama inayozuia sehemu nyingine kuligusa ombi. Nikaanza kukimbia kurudi kwenye kompyuta.

"Na maji yangu, we kaka?"

"Narudi, Mama!"

Nikahamisha kufuli mbele: kila sehemu ifunge kwanza ndipo itazame, na ikikuta ombi limeshachukuliwa, iliache.

Tulinakili upya. Simu ikapata moto, Mama akaipepea kwa kifuniko cha sufuria kama mtoto mwenye homa. Wimbo ukaenda mpaka mwisho bila mbwa, na baada yake ile sauti ya mume wake ikasema, "Mama, bugali inaungua!"

Akacheka, akajifuta macho kwa kitenge.

"Iliungua kweli," akasema. "Rudilia."