Wino wa Jana Kwenye Mirija

Ijumaa ile haijanitoka, mwanangu, na wino wake nao ulikaa siku tatu kabla ya kunitoka vidoleni. Usinikodolee macho kwa kukuita mwanangu. Najua mimi niko kidato cha tatu na wewe umeingia cha kwanza juzi, na suruali uliyonunuliwa uikulie bado inafagia uwanja. Lakini kwa makosa nimekuzidi umri mbali sana, kwa hiyo kaa chini nikushauri.

Kwetu ni Ruangwa, ila nasoma hapa Nachingwea na naishi kwa Mjomba Hamisi, mwenye studio ya picha nyuma ya soko. Picha za rangi wanazo wengine. Mjomba ana printa moja ya picha nyeusi na nyeupe, iliyoletwa kutoka Dar imeviringishwa blanketi kama mgonjwa. Ndani yake hakuna nyekundu wala bluu. Ni nyeusi na kijivu za kila namna. Watu wanamletea picha za zamani zilizoliwa na mende pembeni, anazitengeneza kwenye kompyuta, kisha anazitoa upya, kubwa, mtu anaonekana hadi vifungo vya shati.

Sasa printa hiyo inatumia wino mweusi wa aina mbili. Upo wa karatasi zisizong'aa, na upo wa karatasi za kung'aa. Ukitaka kuhama kutoka huu kwenda ule, unachomoa tenki moja, unachomeka jingine. Dakika moja. Mjomba alikuwa anatumia nusu saa, kama anamwogesha bibi harusi. Anaiamuru printa ijisafishe, inakohoa, inatoa karatasi ya mistari. Anaitazama, anaguna, anaiamuru tena. Mwisho anachapa kwenye kipande kidogo cha karatasi ya kung'aa, anasubiri kikauke, anakisugua kwa kidole gumba. Kidole kikitoka safi, ndipo anachapa picha yenyewe, na mteja akija anaonyeshwa kidole kwanza, picha baadaye.

Mimi nilikuwa namwigiza darasani, mwanangu. Nalisugua dawati, nawatolea wenzangu kidole gumba kwa heshima zote, darasa zima chali. Nilimbatiza jina la Daktari Gumba. Na vile vipande vya karatasi alivyokuwa anavikata pembeni na kuvihifadhi kwenye kopo, nilikuwa naviiba na kuchora nyuma yake katuni za walimu. Niliona ni ubahili tu wa mzee.

Siku yenyewe ilikuwa likizo, msimu wa ufuta, na mimi akili yote ilikuwa Ruangwa. Timu ya wachimbaji wa Namungo ilikuwa na mechi jioni, na gari la kwenda huko lilikuwa linaondoka mchana. Mjomba akaenda msikitini, akaniachia maagizo: Bibi Somoe wa Kiegei anakuja kuchukua picha ya marehemu mumewe, iko tayari kwenye kompyuta, anaitaka kwenye karatasi ya kung'aa. Wiki nzima tulikuwa tunachapa kwenye karatasi zisizong'aa, kwa hiyo nibadilishe wino, na nifanye kama yeye anavyofanya. Karatasi za kung'aa zimebaki mbili.

Nikabadilisha tenki. Dakika moja, kama nilivyokwambia. Kukohoa na kuguna nikaona ni mambo ya wazee. Nikachapa, ikatoka picha safi kabisa: kijana mwenye koti, nywele zimechanwa kwa upande, masharubu mazito ya kujivunia. Nilijiona mtaalamu. Kitu nilichosahau, mwanangu, ni kwamba kati ya tenki na karatasi kuna mirija, na mirija hiyo ilikuwa imejaa wino wa jana. Na wino ule haushiki kwenye karatasi ya kung'aa. Unakaa juu yake kama vumbi kwenye kioo.

Bibi Somoe akaingia na khanga zake mbili na kikapu. Alikuwa ametoka Kiegei na lori la alfajiri, na lori hilohilo lilikuwa linamrudisha baada ya swala. Kesho yake ilikuwa arobaini ya mzee. Watoto walikuwa wanakuja kutoka mbali, wengine kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na keshokutwa kila mtu anarudi kwake. Picha pekee ya mzee ilikuwa kwenye kadi ya zamani ya ushirika, ndogo kama stempu. Wajukuu walikuwa wanamjua akiwa amelala kitandani tu, upande mmoja umepooza. Bibi alitaka wamwone amesimama.

Nikampa picha. Akaisogeza karibu na macho. Kisha akampapasa shavuni, akapitisha vidole kwenye masharubu, na masharubu yakatoka. Yakatoka yote, mwanangu, yakabaki kwenye vidole vyake vitatu, na pale penye mdomo wa mzee pakawa na ukungu.

Mtu mwenye akili angesema samahani. Mimi mdomo wangu hausubiri ruhusa.

"Bibi," nikasema, "umemnyoa mzee."

Hakucheka. Hakugomba pia, na ndiyo iliyonimaliza. Akavitazama vidole vyake, kisha akanitazama mimi.

"Nimemnyoa sana, mjukuu wangu. Mkono ulipokufa, mimi ndiye niliyekuwa namnyoa, miaka minne. Hajawahi kuniachia uso wake mkononi."

Nilitamani printa inimeze. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, wa aina tatu: karatasi za siku hizi mbovu, umeme ulikuwa mdogo, unyevu. Nikaanza ule wa karatasi, nikafika katikati, nikaona vile vidole vitatu vyeusi amevishika hewani asiguse khanga. Nikamwambia ukweli: nimebadilisha wino, sikusafisha mirija, nilikuwa nawahi mpira.

"Haya, safisha," akasema. "Mimi nakaa hapa." Akakaa kwenye fomu, lile benchi la wateja. Nikamletea maji anawe, akakataa. Alisema atanawa mzee akitoka.

Karatasi imebaki moja. Nikikosea hiyo, arobaini inafanyika na kadi ya ushirika. Nikaiamuru printa ijisafishe, ikakohoa. Nikaitazama ile mistari, nikajikuta naguna kama Mjomba. Nikaiamuru tena, na tena. Kwa kujaribia vilihitajika vile vipande vya kung'aa, nikafungua kopo: tupu. Mwizi namjua. Nikakimbilia daftari langu la jiografia, nikavitoa vilivyobaki vitatu, nikavibandika kwa selotepu juu ya karatasi ya kawaida ili printa ivimeze, kimoja kimoja.

Kipande cha kwanza, nyuma yake mwalimu wa zamu na fimbo yake: kidole kikatoka cheusi. Cha pili, mwalimu wa hesabu mwenye tumbo: kijivu. Hapo lori la Kiegei likaanza kupiga honi, na utingo akaja mlangoni akimwita Bibi, watu wameshapanda, jua kali. Bibi hata hakugeuka vizuri.

"Waambie wasubiri," akasema. "Mume wangu anavaa."

Utingo alinitazama, akamtazama Bibi, akaangalia chumba kizima akitafuta mume. Akaondoka taratibu. Na sikusikia honi tena.

Kipande cha tatu nikasubiri kikauke. Mwanangu, sijawahi kusubiri kitu kwa adabu vile. Nikasugua, nikageuza kidole kwenye mwanga wa mlango. Safi. Ndipo nikaingiza ile karatasi ya mwisho. Mzee akatoka polepole, nywele kwanza, kisha paji la uso, macho, masharubu. Nikamwacha akauke. Nikasugua pembeni, kwenye koti lake jeusi, kwa kidole kile kile. Kisha nikaenda kwenye fomu na kumtolea Bibi kidole gumba, kama Daktari Gumba mwenyewe, na safari hii sikuwa naigiza.

Akakishika kidole changu kwa mkono wake safi, akakigeuza huku na huku kama anayekagua muhogo sokoni. Akapokea picha, akampapasa mumewe shavuni, akapita kwenye masharubu. Yakabaki.

"Huyu sasa," akasema, na hakuwa ananiambia mimi. Akanawa mikono, akamfunga mzee ndani ya khanga, akaenda kupanda lori. Wino haukuwa umemtoka wote.

Mjomba alirudi akamkuta Bibi pale kwenye lori, akasalimiana naye, akaviona vidole. Akaja studio. Akaokota vile vipande vitatu, cheusi, kijivu na safi, akavigeuza akawaona walimu, akavitundika ukutani juu ya printa. Vipo mpaka leo, walimu wameangalia ukuta. Gari la Ruangwa lilikuwa limeshaondoka. Mechi nilisimuliwa.

Sasa nasaha yenyewe, mwanangu, maana naona umeanza kuangalia kantini. Unalijua bomba letu pale nyuma ya darasa lenu. Tenki likijazwa maji mapya, anayewahi kukinga anapata kutu ya jana. Wewe umekuja shule mpya, sare mpya, umeapa kuwa mtu mwingine. Vizuri. Lakini yale ya shule ya msingi bado yako kwenye mirija, na ndiyo yatakayotoka kwanza. Usimkingie mtu hayo. Yatoe pembeni, kwenye kipande chako mwenyewe, jisugue mpaka kidole kitoke safi, ndipo uite watu. Ukimcheka mtu kwa kazi anayoifanya polepole, kwanza muulize anaogopa kuharibu nini. Na ukiharibu, litaje kosa lako kabla hujatafuta mzaha wa kulifunika.

Mungu akupe kidole safi na subira ya kusubiri wino ukauke. Na siku utakayoharibu, maana utaharibu, akujalie mtu wa kukaa kwenye fomu akisubiri urudie. Haya, itikia amina, kisha chukua ndoo, leo zamu yenu ya maji. Ndoo ya kwanza mwaga.