Banda la Kuku wa Wageni

Mimi ni fundi mwashi, na hapa Itaka najulikana kwa mambo mawili: ukuta wangu haupindi, na mdomo wangu haufungwi. La kwanza nalipenda. La pili mke wangu Teresia hunikumbusha karibu kila siku. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje nikatumia siku kumi na tisa kujenga banda la kuku ambalo mtu anayejifunza kazi angelimaliza kwa siku sita, huwa namwambia akae kwanza. Jibu lake si fupi, na mahali fulani linaniuma.

Mwenye banda ni mzee Yesaya Mbonile. Nyumba yake iko mwisho wa kijiji, karibu na barabara inayotoka Mlowo, imezungukwa na kahawa. Zamani pale hapakuwa na kimya. Mkewe, mama Enesi, alikuwa mtu wa kuita watu. Ukipita na jembe begani, unaitwa. Ukipita unakimbia mvua, unaitwa kwa sauti kubwa zaidi. Watoto wao wawili walikuwa wameshaondoka, Tuntufye yuko Tunduma anahangaika na mizigo ya malori mpakani, Gloria kaolewa Dodoma, lakini hata bila wao uwanja ule ulikuwa na watu. Kisha mama Enesi akaugua, akafariki, tukamzika. Matanga yakaisha, kila mtu akarudi kwake, na mimi nikiwemo. Ukapita mwaka mmoja na nusu. Tuntufye hakukanyaga Itaka, Gloria naye vivyo hivyo, na sisi majirani tuliozoea kuitwa tukawa hatuendi kwa sababu hakuna tena wa kutuita.

Tunduma si mbali. Mtu akiondoka asubuhi kupitia Mlowo, mchana anakula Itaka. Nimelisema hilo ili lijulikane.

Sasa, kwetu kuku ni wa mgeni. Wenye nyumba wanakula maharage na mboga za majani mwaka mzima, na kuku wanapita mbele yao bila wasiwasi. Siku mgeni akiingia, ndipo mmoja anakimbizwa. Kwa mzee Mbonile kuku walilala jikoni, kama kwa wengi wetu, na walipofika thelathini na wanne jiko likajaa. Walilala juu ya kuni, juu ya kinu, juu ya mafiga yaliyopoa. Watu wakamsifu kwamba mzee ameanzisha mradi. Afisa mifugo alipopita kuchanja kuku dhidi ya kideri alimsifu zaidi, akamshauri ajenge banda bora lenye uwanja wake. Mzee akaitikia kwa kichwa, akashukuru. Hakumwambia mtu kwamba kuku wake wamekuwa wengi hivyo kwa sababu hakuna aliyekuja kuwala. Mimi pia sikuliona hilo. Nilikuwa miongoni mwa wanaosifu.

Mwezi wa sita aliniita. Nilimkuta nyuma ya nyumba ameshika kalenda ya zamani, amechora nyuma yake kwa penseli. Mchoro wenyewe, lazima niseme ukweli, ulikuwa mzuri. Msingi wa mawe ili vicheche wasichimbe kuingia. Matofali hadi usawa wa kiuno, juu wavu ili hewa ipite. Fito za mti wa mlingoti za kulalia, zimepangwa kwa ngazi. Viota gizani, mbali na mlango. Sakafuni maganda makavu ya kahawa, ambayo kwetu hayana mwenyewe. Kisha uwanja wenye uzio hadi kwenye mparachichi, wapate kivuli na mwewe asiwaone.

"Na mlango uangalie huku," akasema, akaonyesha barabara.

"Mzee, huko ndiko upepo unakotoka. Mwezi wa saba baridi itaua vifaranga wote."

"Nikiwa nawalisha nataka nione nani anakuja."

"Kwani nani anakuja?"

Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa mdomo wangu huu. Alikunja kalenda taratibu.

"Mtu yeyote," akasema.

Tukapatana siku sita, kwa malipo ya kazi nzima. Siku ya kwanza nilichimba msingi na kuvuta kamba, na mchana nikakaa kivulini nikisubiri chakula cha fundi, ambacho kila fundi anakijua: ugali na maharage, na ukiwa na bahati, chumvi. Mzee akatoka jikoni na sinia. Juu yake kulikuwa na kuku mzima, amekatwakatwa na mtu asiyejua viungo vya kuku viko wapi. Alikuwa amemkimbiza mwenyewe, amemchinja mwenyewe, amemnyonyoa na kumpika mwenyewe. Chumvi ilizidi. Na firigisi, sehemu ya mwenye nyumba, ilikuwa upande wangu wa sinia.

"Mzee, hii ni yako."

"Kula, fundi. Mgeni haulizi."

"Mimi siyo mgeni, mimi niko kazini."

"Kula."

Nikala. Alinitazama kila tonge. Aliniuliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja kwa majina, na nilipomaliza kujibu akauliza habari za mbuzi wangu. Nilidhani ni ukarimu wa siku ya kwanza. Siku ya pili akachinjwa jogoo mwingine, na ya tatu mwingine.

Siku ya nne, wakati ukuta unafika magotini, mzee alisema anataka chumba cha vifaranga ambacho hakikuwepo kwenye kalenda. Nikaongeza. Siku ya saba aliona dirisha limekaa vibaya, nikalihamisha. Siku ya tisa uwanja ukawa mdogo, tukang'oa nguzo nne tukazisogeza nje hatua tano. Siku ya kumi na moja zikarudi hatua mbili. Nilianza kukereka. Kuna mtu Mlowo alikuwa ananisubiri nimjengee ghala, anapiga simu kila jioni, na mimi nimekwama Itaka nikihamisha nguzo za kuku. Nyumbani Teresia ananusa mchuzi kwenye shati langu.

"Kuku tena?"

"Kuku tena."

"Hivi unamjengea banda au unammalizia kuku wake?"

Nilicheka, lakini usingizi ulichelewa kuja. Ilikuwa kweli. Banda lilikuwa linakua na kuku walikuwa wanapungua. Majogoo wanane walibaki wawili. Mzee mwenyewe hakuonekana kujali. Kila Jumapili alimpigia Tuntufye simu, na sisi tunaosali naye tulimsikia nje ya kanisa, kwa sababu wazee wakipiga simu wanaongea kama na mtu aliye ng'ambo ya bonde. "Kuku wapo," alikuwa anasema. "Wewe njoo tu, kuku wapo." Kisha anasikiliza kidogo, anasema sawa, anaiweka simu mfukoni na kuuliza watu kama mahindi yao yamekauka.

Siku ya kumi na nne niliwahi kufika, jua ndiyo kwanza linatoka. Nilitaka nimalize ukuta wa mwisho, niweke bati, nimuage mzee. Nikamkuta yuko kwenye banda amenipa mgongo. Alikuwa anabandua matofali. Kozi mbili, yaani safu mbili za matofali nilizojenga jana yake, ambazo udongo wake ulikuwa bado mbichi, alikuwa anazitoa tofali moja moja, anakwangua udongo kwa kisu cha jikoni, anayapanga pembeni vizuri, kwa heshima kabisa.

"Mzee, unafanya nini?"

Alishtuka. Tofali lilibaki mkononi.

"Limepinda," akasema. "Hapa ukuta umepinda, fundi."

Basi hapo damu ilinipanda. Mtu anaweza kunitukana mimi, nikamjibu yakaisha. Ukuta wangu asiuguse. Nilifungua mfuko, nikatoa pima maji ya kupimia usawa, nikaiweka juu ya kozi iliyokuwa imebaki. "Njoo uangalie mwenyewe," nikamwambia, na sikumwambia kwa adabu. Akaja. Tukainama wote wawili. Kipovu kilikuwa katikati, kimetulia kati ya mistari yake miwili, hakikwenda kushoto wala kulia.

Mzee alikitazama kipovu kile muda mrefu. Mikono yake ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko, na nikaona amevaa shati la kanisani kufanya kazi ile, labda kwa sababu ndilo lilikuwa safi. Nyuma yake, jikoni, maji ya kunyonyolea kuku yalikuwa tayari motoni, saa moja asubuhi. Nikatazama nguzo zilizokwenda na kurudi, dirisha lililohama, chumba cha vifaranga. Nikakumbuka mbuzi wangu walivyoulizwa hali zao kila siku mchana kwa siku kumi na tatu. Mzee hakuwa na shida na ukuta. Alikuwa anaogopa siku ambayo ukuta utaisha.

Nilijisikia vibaya. Nilikuwa nimekaa hatua mia nne kutoka kwa mtu huyu mwaka mmoja na nusu, na ili aweze kula na mimi ilibidi ajenge.

Niliinua pima maji, nikaifuta kwenye suruali.

"Kweli, mzee," nikasema. "Umepinda kidogo. Tuurudie."

Ni mara ya kwanza na ya mwisho kusema neno hilo juu ya ukuta wangu. Tukaurudia pamoja, yeye akinipa matofali, mimi nikipanga, hadi mchana. Alimchinja mtetea siku ile. Firigisi nilikula mimi.

Lakini kazi huisha hata ukiivuta. Siku ya kumi na tisa niliweka bati la mwisho na nikatundika gunia mlangoni kuzuia ule upepo niliousema. Jioni tuliwaingiza kuku. Banda la kuku arobaini, waliingia kumi na watano. Walisimama kwenye fito za mwanzo wamebanana pembeni, na fito nyingine zote zikabaki wazi. Mzee alizunguka uzio akigusa nguzo moja moja.

"Umejenga vizuri, fundi," akasema. "Halina kasoro."

Kesho yake nilikwenda Mlowo. Ghala lile lilinichukua wiki tano. Nilikuwa nalala kwa shemeji yangu na kula maharage bila chumvi, na mara nyingi nilipokuwa nakula nilijikuta namfikiria mzee Mbonile akiwa na sinia lake. Nilijiambia nitakwenda nikirudi. Niliporudi nilijiambia nitakwenda nikipata sababu: labda bati linavuja, labda bawaba imelegea. Bati halikuvuja. Mimi ndiye niliyelipiga.

"Sababu ya nini?" Teresia aliniuliza nilipomwambia. "Mama Enesi alipokuita alikuwa anakupa sababu?"

Jumapili ile nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja, bila mfuko wa kazi. Upepo wa mwezi wa nane ulikuwa mkali. Mzee alikuwa ndani ya uwanja anamwaga punje, na kwa kuwa mlango ulielekea barabara, aliniona nikiwa mbali. Alisimama wima na bakuli mkononi. Nadhani mwanzoni alidhani mimi ni mtu mwingine, maana aliweka kiganja juu ya macho na akabaki hivyo mpaka nilipofika karibu sana. Kisha akakishusha.

"Fundi. Kuna kitu umesahau?"

"Hapana."

"Kuna ufa?"

"Hakuna ufa, mzee. Nimekuja tu."

Alinitazama mikono, ikiwa mitupu. Akaweka bakuli chini. Halafu akaanza kumfuata jogoo. Alikuwa amebaki mmoja tu, mwekundu, mwenye shingo ndefu. Mitetea saba walikuwa wamelalia mayai kwenye vile viota vya gizani, na bila jogoo huyo wasingepatikana vifaranga wengine. Mzee alilijua hilo kuliko mimi. Hata hivyo alimbana kwenye kona ya uzio, akamkamata mabawa, akaja naye kifuani akihema, uso wake umechangamka jinsi ambavyo sikuuona tangu msiba.

Nikasimama mlangoni, sikumpisha.

"Mrudishe, mzee."

"Hapana. Umekuja kwangu."

"Nimekuja, ndiyo. Lakini kuku ni wa mgeni. Mimi leo nataka maharage."

Jogoo alipiga mabawa mara moja, akatulia. Nilimwona mzee akilipima neno langu, akiogopa kulielewa vibaya. Maharage hayapikwi haraka. Anayeomba maharage saa sita mchana anakaa hadi jioni, na maharage hayana firigisi ya kumpa mtu.

Akainama, akamweka jogoo chini. Jogoo alijikung'uta akaenda zake. Mzee alijifuta manyoya kwenye shati, akakaza macho barabarani kidogo, upande wa Mlowo, ambako hakukuwa na mtu. Kisha akanigeukia. Mgeni kwetu haagizwi kitu. Anakalishwa kwenye kiti, anaambiwa apumzike.

"Basi usisimame hapo," akaniambia. "Ndoo iko nyuma ya mlango wa jiko, Raphaeli. Kachote maji."