Sauti Iliyobaki Kwenye Diski

Mama mmoja alikuja ofisini kwangu Runzewe, ninapotengeneza kompyuta, akiwa amebeba kompyuta ya mwanawe ndani ya shuka. Alitoka Songwa kwa basi. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Akanieleza kwamba mwanawe alifukiwa na kifusi hapa Runzewe ndani ya duara, shimo la wachimbaji wadogo, na wenzake walichimba kumtafuta mpaka wakakata tamaa. Kaburi hana. Ndani ya kompyuta kulikuwa na video ya harusi yake, na mama alitaka kumsikia tena akimshukuru mbele ya watu.

Nilichomoa diski, nikaiunganisha kwenye mashine yangu ya zamani. Ilikuwa inagonga kwa ndani. Video ikawa inanakiliwa polepole mno, na mashine yote ikawa nzito, hata mshale haukusogea. Nikaelewa. Kwa kawaida diski humimina data moja kwa moja kwenye kumbukumbu kuu, na prosesa, ubongo wa mashine, hupewa tu taarifa kazi ikiisha. Lakini makosa ya usomaji yakizidi, mashine za namna ile huiacha njia hiyo, na prosesa hulazimika kubeba kila kipande yenyewe. Kwa mwendo ule diski ingekufa njiani.

Ningeweza kuirudisha njia ya haraka, ila lazima nizime na kuwasha upya, na diski iliyochoka vile huenda isiamke. Nilimweleza mama kwa maneno mepesi. Akaniuliza:

"Wewe ungefanyaje?"

"Ningezima, mama."

"Basi zima."

Iliamka. Data ikaanza kuingia kwa kasi, nami nikapata matumaini. Kisha diski ikatoa mlio mkali, ikasimama. Nilijaribu yote niliyoyajua, haikuzunguka tena.

Tulitazama kilichopatikana. Kijana anaingia ukumbini na bibi harusi, muziki umefunika kila kitu. Anamwambia mtu jambo, wanacheka. Picha inaganda kabla hajapewa maikrofoni.

"Na humu namo wameshindwa kumtoa," mama alisema taratibu.

Nilimwekea kipande hicho kwenye flashi. Akaniomba nimpeleke machimboni alikofukiwa mwanawe, kwani hakuwahi kufika. Nikafunga ofisi, tukaenda. Kando ya kifusi watu walikuwa wameshafungua duara jipya, kamba inashuka na kupanda. Mama alisimama pale mpaka wachimbaji wakaacha kututazama.