Sura ya Qusai Kwenye Mzunguko

Binamu yangu Qusai hajui kutulia. Hata msikitini huchezesha vidole vya miguu. Na bado kampuni ya baga aliyoifanyia kazi tangu amalize shule ilimtundika pale mzunguko wa barabara wa kuingilia mji wetu wa Irbid, Jordan, kwenye bango kubwa kuliko nyumba yetu, katulia anatabasamu: "Mimi ni mwana wa Irbid. Mkahawa huu ni wetu."

Watu walikuwa wamesusia chapa za Kimarekani kwa ajili ya Gaza, na mkahawa ukabaki na viti na nzi. Wakubwa wakaona dawa ni kutundika sura za wenyeji. Qusai alikubali, maana kukataa kulikuwa ni kupewa likizo isiyo na mwisho, naye alitaka kuoa.

Aliyemtaka ni Hanin, binti wa Abu Laith muuza mbegu. Tukaenda wanaume wa ukoo kupeleka posa. Kahawa ikamiminwa, mzee wetu Haji Fawwaz akaweka kikombe chake chini. Hakuna anayekunywa mpaka mwenye nyumba aseme tumekubaliwa. Kikombe kilichojaa humwaibisha, na hiyo ndiyo nguvu yetu yote. Goti la Qusai linagonga langu. Mara nikasikia mfyonzo. Mpumbavu kanywa yake yote!

Nilitamani ardhi inimeze.

"Bwana harusi ana kiu," akasema Abu Laith. "Kazini kwake soda zimekwisha?"

Ndugu zake wakaangua kicheko.

"Msamehe, Abu Laith," akasema Haji Fawwaz. "Kijana ana wasiwasi tu."

"Keshakunywa, basi na mimi sina haraka. Kila asubuhi napita mzunguko, jitu la bangoni linanichekea huku watu wanazika watoto wao. Likishuka, njooni mnywe. Lisiposhuka, Hanin haendi popote."

Kesho yake Qusai akaacha kazi, akaomba bango liondolewe. Meneja akamjibu kwamba alitia sahihi, picha ni mali ya kampuni. Nilipandwa na hasira, na mpaka leo hazijashuka. Yeye alizunguka mji kwa miguu akiongea peke yake, na kila njia ilimrudisha kwenye sura yake.

Ijumaa baada ya swala nikamkuta juu ya ngazi mbele ya bango, na ndoo ya chokaa. Magari yamesimama, honi zinalia.

"Mfute na meno, jamaa!" mtu alipiga kelele.

Ngazi ilikuwa ikiyumba, maana hata kule juu miguu yake haikutulia. Nikakimbia kuishika, nikakuta imeshashikwa. Abu Laith, kanzu ya Ijumaa imetapakaa chokaa.

"Ami, polisi wakija?" Qusai akauliza toka juu.

"Watatukuta wawili. Sikio la kushoto bado linaonekana. Maliza, mwanangu, kahawa inapoa."