Adui wa Mama Kutoka Meksiko

Jamani, nilimwona! Yule mwigizaji wa Meksiko aliyeiba mtoto wa mwenzie kwenye tamthilia tuliyokuwa tukiangalia Tanga nilipokuwa mdogo. Mama alimchukia hadi basi. Kila akitokea, Mama alivua kanga ya mabegani akaifunika TV, na sisi watoto tukasubiri mpaka sauti yake iishe.

Mwaka huu alikuja London kuigiza jukwaani, kwenye ukumbi ambamo kazi yangu ni kuwaonyesha watu viti vyao. Mzee sasa, anatembelea fimbo, lakini akifungua mdomo ukumbi mzima unanyamaza. Kijitabu cha onyesho kilisema alianza jukwaani akiwa msichana, kisha akaingia kwenye filamu. Na sisi tulidhani kazi yake ni roho mbaya tu!

Baada ya onyesho la mchana nilimvizia kwenye mlango wa nyuma. Alipotoka nikampigia Mama video, nikamwonyesha. Mama hakutoa hata salamu.

"Mwambie amrudishe yule mtoto kwa mama yake! Shetani mkubwa!"

"Anasemaje?" mwigizaji akaniuliza kwa Kiingereza. Nilitaka kudanganya, nikashindwa. Nikamwambia yote.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaichukua simu yangu, akanyoosha mgongo, akapandisha unyusi mmoja, vilevile kama zamani, akamtazama Mama kimya.

Mama akapiga yowe. Nilipochungulia kwenye simu sikuuona tena uso wake. Niliona kanga.