Namba ya Siri ya Yuditha

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ninayoikumbuka vizuri kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa miaka ya sabini, nami nilikuwa karani katika kituo cha kampuni ya tumbaku pale Kasulu. Alikuja bwana mmoja kutoka makao makuu Dar es Salaam, suti yake ya Kaunda imepigwa pasi ikakakamaa, akatukusanya ghalani. Tukakaa juu ya marobota ya tumbaku tukimtazama.

"Ndugu wafanyakazi," akasema, "kampuni yetu sasa inatumia kompyuta."

Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Akatueleza kwamba imewekwa Dar, kwenye chumba cha baridi, na kwamba fomu za wakulima tunazojaza huku hugeuzwa kadi zenye matundu, mashine ikalishwa hizo kadi, halafu ndiyo inayosema nani apate mbolea kiasi gani. Kisha akaingia kwenye kilichomleta. Kila furushi la fomu lingeandikwa juu namba ya siri ya kituo, nayo ingebadilishwa kila mwezi. Mwenye namba hiyo, alisema, anaweza kupeleka majina ya watu anaowataka yeye na mashine ikamwamini, maana mashine haijui sura ya mtu. Kwa hiyo namba haitajwi, haiachwi mezani, haonyeshwi hata mama mzazi. Akabandika ukutani picha ya mdomo uliotiwa kufuli. Mlinzi wetu akauliza kama hiyo mashine ina masikio, tukacheka mpaka yule bwana naye akacheka.

Mwisho akasema namba itatunzwa na karani mmoja tu. Mimi nilikuwa nimeshajiweka sawa kitenge changu pale juu ya robota, nikingoja kuitwa. Nilikuwa na miaka minne kazini. Kiswahili nimezaliwa nacho, kwani baba yangu alikuwa mwenye duka mjini na watu wetu wametoka pwani, na mwandiko wangu ulisifiwa hadi Kigoma. Mkuu wa kituo akanyoosha kidole kwa Yuditha.

Yuditha alikuwa na miaka miwili tu pale. Wazazi wake walikimbia Burundi wakapata shamba upande wa Kibondo, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kwa lafudhi ya Kirundi. Msichana mpole, fomu zake hazina kosa. Akapewa ufunguo wa droo, akapelekwa semina ya wiki nzima Kigoma, akarudi na mkoba wenye nembo ya kampuni. Mkoba ule niliuchukia, mwanangu, nakwambia bila haya kwa kuwa sasa ni mzee. Mchana tulikula pamoja, ugali wa muhogo na maharage aliyopika yeye, na kila tonge nililomeza nilijiuliza kwa nini yeye na si mimi. Alipocheka niliona ananicheka. Alipokaa kimya niliona anaringa. Usiku sikulala vizuri, na asubuhi wivu ulikuwa umeshaamka kabla yangu.

Yuditha alikuwa na jambo moja tu ningeweza kumnasa nalo, nalo lilikuwa malezi yake. Akija mzee, yeye huinuka, huinama, hupiga makofi taratibu akisema "Mwidiwe", salamu ya huko kwetu, kisha huuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, mmoja mmoja. Na mzee akiondoka, humsindikiza hadi barabarani. Kwa Waha, wenyeji wa Kasulu, na kwa Warundi kumuaga mzee umekaa kitini ni sawa na kumfukuza. Yule bwana wa Dar alitukataza kuondoka mezani droo ikiwa wazi, lakini hakutuambia tufanye nini mzee akiwa amesimama mlangoni.

Siku moja akaja Mzee Bigirwa, mkulima wa Nyakitonto, kuulizia fomu yake. Ningeweza kumjibu mimi. Lakini niliona Yuditha amefungua droo na namba iko mezani, nikamwambia, "Mzee, kamsalimie Yuditha. Kila siku anakuulizia." Mzee akafurahi sana. Yuditha akainuka, salamu zikaenda, na wakatoka pamoja wakielekea barabarani. Nikaenda mezani kwake. Tarakimu nne tu. Nikachukua chaki nikaziandika kwenye mlango wa ghala, kubwa, kila mtu azione. Mbolea sikuitaka. Nilitaka kiti chake.

Kabla ya saa sita kituo kizima kilikuwa kimesoma. Mkuu alimwita Yuditha akamuuliza kama alifunga droo. Akasema hapana. Hakuulizwa jingine. Siku hiyo hiyo akarudishwa kwao, ambako wadogo zake wanne walisoma kwa kazi yake, na ufunguo nikapewa mimi. Nilikwenda nao nyumbani nikiwa nimeufumbata mkononi njia nzima.

Baada ya wiki Mzee Bigirwa alirudi, akamuulizia Yuditha. Mlinzi akamweleza yote, na siku yenyewe. Akaja akasimama mbele ya meza yangu bila kunisalimu, na huko kwetu hilo peke yake ni kofi.

"Siku ile weye ndiye ulinituma kwake," akasema. "Heshima aliyonipa ukaifanya mtego, na mimi na mvi zangu hizi ukanifanya chambo. Nimekukosea nini?"

Akatoka. Sikumsindikiza. Nilikaa nikilia mpaka karani mwenzangu akadhani nimefiwa, halafu nikaenda kwa mkuu nikamwambia ukweli. Alinifukuza kazi hapo hapo, akaniagiza niende mwenyewe kumwita Yuditha.

Nilipanda lori hadi Kibondo, nikamkuta analima maharage. Nikamweleza huku natazama chini. Akaegemea jembe lake.

"Ego, ndiyo, najua," akasema. "Nilipokuwa narudi nilikuona mlangoni na chaki."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Wewe baba yako ana duka mjini. Mimi wangeniuliza kwanza kwetu ni wapi."

Yuditha alirudi kazini, mimi nikarudi kuuza chumvi na sabuni dukani kwa baba. Usidhani wivu uliisha siku hiyo. Kila nilipomwona akipita kwenda ofisini ulinichoma tena. Nilichojifunza ni kuutambua ukija, na kutouruhusu uinue mkono wangu.

Sasa wewe umepata kazi, mwanangu, na kompyuta iko mezani kwako mwenyewe. Watakufundisha kuhusu neno la siri na wezi walioko mbali. Wasikilize. Ukiinuka, funga kwanza, hata kama aliyekuja ni bibi yako, kisha msindikize bila haraka. Lakini kuna somo ambalo hawatakupa. Mwenzako akipewa ulichokitaka wewe, nenda nyumbani ukalie, mwambie Mungu, niambie mimi, ila mezani kwake usiguse. Usimpige mtu kwa kutumia wema wake. Na ukimwona asiye na wa kumsemea amekaa kimya, usidhani hajui aliyemuumiza.

Nenda salama. Mungu akupe kazi yenye heshima na wenzako wa kula nao kwa moyo mweupe, na akuepushe, mwanangu, usije ukawa wewe ndiye wenzako wanayemfungia droo.